Kiongozi wa sifa ameukataa mdundo wangu: niache kupiga dramu kanisani?

SWALI

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, na nimekuwa mpiga dramu wa timu ya sifa ya kanisa letu tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nakuandikia kwa sababu jambo lililonikuta limeniondolea raha ya kwenda ibadani, na kila ninayemweleza ananipa jibu la upande mmoja. Marafiki zangu wapigaji wananiunga mkono kabla sijamaliza kueleza, na wazazi wangu wananiambia nitii, niache maneno.

Nimekulia katika mtaa ambao msimu wa harusi ukifika hapapiti wiki bila ya kidumbak, ule muziki wetu wa ngoma ndogo na fidla. Jirani yetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa stadi wa kupiga vile vidumbak viwili vidogo, na ndiye aliyenifundisha kusikiliza, kwani aliniweka kwenye mkwasa, vile vijiti viwili vya kugonganisha, kwa muda mrefu sana kabla hajaniruhusu kugusa ngoma yenyewe. Wazazi wangu, ambao ni watu wa kanisa, hawakuona ubaya wowote katika hilo. Kwa hiyo nilipokaa kwenye dramu za kanisa, mikono yangu ilikuwa tayari imeshazoea mwendo wake. Pambio likichangamka nilikuwa nikiuacha mdundo wa sebene tuliouzoea na kuingiza chakacha, mguu ukishika chini na mkono wa kulia ukicheza kwenye ukingo wa snea, ile ngoma ndogo ya mbele ya mpigaji, na akina mama walikuwa wakiitikia kwa vigelegele. Kiongozi tuliyekuwa naye wakati huo hakuwahi kunikataza.

Mwaka jana tulipata kiongozi mpya wa sifa, kaka aliyehamia huku kikazi kutoka Dar es Salaam. Ni mwimbaji mzuri na anasoma noti, jambo ambalo sisi wengine hatuliwezi, na hilo silikatai. Lakini amekuja na utaratibu ambao kwangu ni kama kufungwa kamba. Kila mwanzo wa wiki anatutumia rekodi za nyimbo kwenye simu, na sisi tunatakiwa tuzipige kama zilivyo hadi mikato yake. Mimi na mpiga kinanda tunavaa hedifoni zenye kliki, yaani mlio wa mashine unaohesabu mapigo, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipomuuliza mazoezini iwapo tunaweza kuzigeuza baadhi ya nyimbo ziwe na sauti ya kwetu, alinijibu kwamba tutafanya hivyo tukishazishika vizuri, na jibu hilo halijabadilika mpaka leo.

Siku ya Pasaka mwaka huu kanisa lilijaa hadi barazani. Tulipofika pambio la mwisho nilivua hedifoni na kuingiza chakacha, kwa kuwa moyoni niliona kwamba wakati wake umefika. Akina mama waliitikia kama zamani. Waimbaji wawili, hata hivyo, walipoteza pa kuingilia, mpiga besi akabaki kwenye mdundo wa mwanzo, na kiongozi akanyanyua ngumi, ambayo ni ishara yetu ya kusimamisha ala zote. Wimbo ukamaliziwa kwa makofi. Baada ya ibada aliniambia mbele ya timu nzima kwamba nimejionesha mimi badala ya kumtukuza Mungu, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu akaongeza kwamba mdundo ule ni wa kukatia viuno kwenye harusi na haufai madhabahuni.

Tangu siku hiyo nimewekwa pembeni. Vijiti amepewa kijana wa miaka 16 ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwanzisha, na wimbo ukimshinda, dramu zinatolewa kwenye kinanda. Nimeambiwa pia kwamba wapo waliokuwa wakilalamikia ukubwa wa sauti, kwa kuwa kanisa letu lina paa la bati na sakafu ya marumaru, na kila kinachopigwa kinavuma. Wakati huo huo, hoteli moja ya pwani ya mashariki inanitaka nipige Jumamosi usiku na bendi yao, na rafiki zangu wananiambia huko ndiko ninakothaminiwa.

Naomba uniambie ukweli, Mwalimu. Je, ni kosa kupiga mdundo wa kwetu katika nyumba ya Mungu? Nimtii mtu anayetaka niwe mashine ya kunakili rekodi za wengine, niache dramu kabisa, au nihame kanisa?

Mpiga dramu, Ng'ambo, Unguja

JIBU

Amina, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa nahisi ndilo linalokuuma kuliko mengine. Kupiga mdundo wa kwenu katika nyumba ya Mungu si kosa. Zaburi ya 150 inataja matari, matoazi na kucheza, bila ya kueleza kwamba matari hayo yapigwe kwa mtindo wa nchi gani. Ndugu zetu Wakatoliki walilijadili suala hili kwa mapana katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na hati yao juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Disemba 1963, inataka muziki wa jadi wa watu wenye mapokeo yao ya muziki, hasa katika nchi za misheni, upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Kifungu kinachofuata hicho kinasema kwamba ala nyengine zisizokuwa kinanda cha mabomba ziingizwe kwa idhini ya wenye mamlaka ya kanisa mahali hapo. Ingawa huenda wewe si Mkatoliki, naomba uvishike vifungu vyote viwili, kile kinachokupa nafasi na kile kinachokutaka uombe idhini, kwa kuwa shauri langu lote limesimama juu yake.

Wala usikubali kuambiwa kwamba muziki wa kanisa, kwa asili yake, ni ule usiokuwa na harufu ya pwani. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, juu ya kiwanja cha soko hilo hilo, na Askofu Edward Steere aliyelisimamia alifanya kazi kubwa ya kufasiri sala na Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Maneno yakawa yetu, lakini tuni nyingi za tenzi zilibaki za Ulaya, na mpaka leo tunaziimba kwa kuubana ulimi. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni inapouvuta ukae kwengine, mwimbaji hulazimika kutamka “Bwana” kana kwamba uzito uko kwenye “na”. Tumezoea, na wengi wetu tunazipenda tenzi hizo kwa moyo wote, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini mtu anayetafuta mdundo unaokaa vizuri na ulimi wetu anafanya kazi ambayo kanisa linaihitaji, na sitaki uiache kazi hiyo kwa sababu ya maneno ya siku moja.

Mzee wako wa kanisa, hata hivyo, hakusema uongo. Chakacha ni ngoma ya wanawake, ni ya harusini, na kiuno ndicho kinachochezwa. Mtu wa umri wake anapousikia mdundo ule, harusi ndiyo inayomjia, na wewe huwezi kumwamuru asiikumbuke. Usimjibu kwa kumwita mtu wa zamani. Majirani zetu Waislamu nao wana mjadala wao mrefu juu ya ngoma katika mambo ya dini, na bado hapa kwetu maulidi ya Homu husomwa kwa matari huku safu nzima ikiyumba kwa pamoja. Tari hilo hilo hupigwa pia kwenye ngoma za furaha mitaani, lakini hakuna anayehudhuria maulidi akadhani yuko harusini, kwa sababu maneno, mwendo, mavazi na nidhamu ya safu vinamweleza yuko wapi. Mzee wako anahitaji kuelezwa hivyo hivyo, na hawezi kuelezwa katikati ya ibada ya Pasaka, kwa kushtukizwa, wakati mdundo umeshaingia.

Na hapo ndipo ninapokuacha mkono, mwanangu. Nimeyasoma mara kadhaa maelezo yako ya pambio lile la mwisho, na naona kwamba kiongozi wako alikuwa na haki ya kulisimamisha.

Fikiria kilichotokea kimuziki, kwa kuwa nadhani hukupata nafasi ya kukifikiria kwa utulivu. Pambio mlilokuwa mkilipiga kwa sebene lina mapigo manne, na kila pigo linagawika mara mbili, kwa hiyo mwimbaji anayeingia kwenye nusu ya pigo anajua mahali pake bila ya kuhesabu. Chakacha inaligawa pigo hilo hilo mara tatu. Ulipobadilisha ghafla, pigo kubwa lilibaki pale pale, na ndiyo maana wewe, pamoja na akina mama waliokuwa wakifuata kwa miguu na makofi, hamkuona tabu yoyote. Lakini nusu ya pigo ilitoweka, na silabi zilizokuwa zimekaa juu yake zikakosa pa kukanyaga. Waimbaji wawili waliopotea hawakupotea kwa udhaifu wao, na mpiga besi aliyebaki kwenye mdundo wa mwanzo alifanya jambo la busara, kwa kuwa ndilo lililokuwa limekubaliwa. Vigelegele vilikuwa vya kweli, sina shaka, ila waliovipiga hawakuwa na sehemu ya kuingilia, na furaha yao haiwezi kukupa ushahidi kwamba wimbo ulikuwa salama.

Wapo pia mamia waliojaa hadi barazani, ambao hawakuhudhuria mazoezi hata ya siku moja. Harusini watu wamekuja kusikiliza ngoma na kuicheza. Kanisani watu wamekuja kuimba wenyewe, wengi wao bila ya kujua muziki, na wanautegemea mguu wako ili wajue wapi wavute pumzi na wapi waanze mstari. Uhuru wa mpiga dramu wa kanisani unaanzia hapo, na ni uhuru mkubwa kuliko unavyoonekana, lakini hauwezi kuanzia mahali ambapo wimbo umevunjika.

Kwa hiyo kosa lako halikuwa chakacha. Uliamua peke yako, ibadani, jambo ambalo lilistahili kuamuliwa na timu yote mazoezini. Kuvua hedifoni ndiko kulikonisikitisha zaidi katika barua yako nzima, kwa sababu ulimwacha mpiga kinanda na kliki inayomwambia jambo moja sikioni huku wewe ukimwambia jengine kwa mikono. Yule marehemu jirani yako alikuweka kwenye mkwasa muda mrefu kwa sababu nzuri. Katika kidumbak, mkwasa haupambi wala hauhami. Unashika mwendo ili vidumbak viweze kuzungumza, sanduku, ambalo ndilo besi yake, litembee na fidla iimbe, na anayeupiga akiyumba, wote wanayumba. Kliki unayoilalamikia inafanya kazi ile ile. Aliyewahi kupiga mkwasa kwa subira anajua zaidi ya kiongozi wako kwa nini kliki inahitajika, na pia anajua inakosa nini.

Inakosa masikio. Mwenye mkwasa humsikia mwimbaji akirefusha neno, akamngojea, lakini kliki haimngojei mtu. Mchungaji akiamua kurudia kiitikio huku akiomba, au mkutano ukishuka taratibu wenyewe kuelekea kwenye ukimya, kliki inayoendelea sikioni mwa wapigaji wawili inawatenganisha na chumba walichomo. Naiona faida yake hasa katika mazoezi na katika kuanzisha wimbo, kwani pambio lililoanza kwa mapigo 100 kwa dakika likaishia kwenye 125 huwachosha wazee na kuwabana waimbaji kwenye maneno marefu, na wapiga dramu wenye mikono mizuri ndio wanaokimbia zaidi. Mpendekezee kiongozi wako kwamba kliki iwepo mazoezini mpaka mwendo ukae, na ibadani isikike kwa ubeti wa kwanza tu, kisha fundi mitambo aifunge. Wapigaji waliozoezwa vyema hawatapotea kwa kuikosa.

Kuhusu rekodi, nadhani kiongozi wako ameanza vizuri akasahau kuendelea. Timu ambayo wengi wenu hamsomi noti inahitaji jambo la pamoja la kusikiliza, na kuipiga rekodi kama ilivyo ni shule nzuri kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu kila mmoja anajifunza pa kuingia na pa kunyamaza. Lakini rekodi ni uamuzi wa watu wengine kwa ajili ya waimbaji wao, studio yao na mkutano wao. Kuufuata uamuzi huo mwaka mzima hakuwafanyi mwe watakatifu zaidi, na hakulifundishi kanisa lenu kuimba kwa sauti yake. Alipokujibu kwamba mtabadilisha mkishazishika vizuri alitoa ahadi isiyokuwa na tarehe. Muombe tarehe, kwa adabu.

Alikosea pia, na hili nalisema wazi, kukukemea mbele ya timu nzima. Mathayo 18 inaelekeza kwamba ndugu akikosa, uende ukaseme naye mkiwa peke yenu kwanza. Angeweza kukwambia kwamba wimbo ulivunjika na kwamba waimbaji walipotea, na hayo yangekuwa ya kweli kwa kila aliyekuwepo. Kusema kwamba ulijionesha ni kuuhukumu moyo wako, na yeye hawezi kuuona moyo wako. Una haki ya kumwambia kwamba neno lile lilikuumiza, na wewe mfuate mkiwa wawili tu, ingawa yeye hakukufanyia hivyo.

Nenda kwake kabla hujaonana na mchungaji na kabla hujazungumza tena na marafiki zako wapigaji. Muombe radhi kwa kuvua hedifoni na kubadilisha mdundo bila ya kumwambia mtu, na usiombe radhi kwa ajili ya chakacha. Kisha muombe wimbo mmoja. Usiombe mtindo mzima wa timu wala nafasi katika kila ibada. Omba wimbo mmoja tu, uufanyie kazi mazoezini mpaka yeye mwenyewe aone kwamba umekaa, na aubakize mazoezini ikiwa haujakaa.

Wimbo huo uuchague kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu nyimbo nyingi zitakukataa. Kaa kwenye kiti nyumbani bila ya dramu. Mguu wa kulia ushike mapigo makubwa sakafuni na mkono upige mara tatu kwa kila pigo juu ya paja. Sasa yaseme maneno ya wimbo, usiyaimbe, kwa mwendo wa mtu anayezungumza. Sikiliza silabi zenye uzito zinaangukia wapi. Katika “moyo” uzito uko kwenye “mo”, na katika “nakushukuru” uko kwenye “ku” ya pili. Zikiangukia juu ya mguu, au zikiegemea pigo dogo la tatu linalokusukuma kuelekea kwenye mguu unaofuata, wimbo huo umekubali na utaona maneno yanakaa yenyewe kama mtu anayekariri shairi. Ikiwa unalazimika kuyakimbiza au kuyavuta ili yafike, uache wimbo huo kwenye mapigo manne, hata kama unaupenda na hata kama akina mama watakuomba. Mapambio yaliyotungwa moja kwa moja kwa Kiswahili yana nafasi nzuri zaidi ya kufaulu kuliko tenzi zilizofasiriwa.

Wa kwanza kumshirikisha awe mpiga besi, kwa sababu yeye ndiye sanduku lako, na chakacha yenye besi ya sebene chini yake ndiyo iliyowaangusha Pasaka. Anzeni wawili tu, dakika chache kabla wengine hawajafika mazoezini. Mwanzoni piga kidogo sana: sahani za mguu zikiwa zimefungwa zishike kazi ya cherewa, zile kayamba za vifuu, ngoma ya mguu ikae kwenye mapigo makubwa, na ule mkono wako wa kulia ubaki kwenye ukingo wa snea. Maneno ya kidumbak yenyewe, yale mazungumzo ya ngoma ndogo, yangoje mpaka waimbaji wamezoea. Mikato nayo iweke mwisho wa mstari, pale mkutano unapovuta pumzi, isipite juu ya neno. Ikiwa wimbo utaanza kwa mapigo manne kisha uhamie chakacha, wekeni mizunguko miwili ya ala tupu kabla sauti hazijaingia, na ishara ya kuhama aitoe kiongozi, si wewe. Najua hili la mwisho litakuwa gumu kwako. Lakini siku atakapoinyanyua yeye ile ishara, mdundo huo utakuwa wa timu nzima, na hakuna atakayeweza kusema kwamba ni wa kijana mmoja wa Ng'ambo anayejionesha.

Wimbo ukishakaa, muombe kiongozi amwalike yule mzee mazoezini. Asikie maneno yakiwa wazi juu ya mdundo, aone waimbaji wamesimama kwa utulivu, kisha aseme analoliona. Inawezekana akabaki na msimamo wake, na mchungaji akakubaliana naye. Hapo utii katika ibada ya Jumapili, na uombe mdundo huo upewe nafasi katika ibada ya vijana, kwenye tamasha la kwaya au kwenye harusi za waumini, ambako neno la mzee halina uzito huo. Hilo bado ni kanisa lako.

Sauti ni jambo dogo na lina dawa za kawaida. Tandika zulia chini ya dramu, kunja kanga kuukuu uitie ndani ya ngoma ya mguu, bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya snea, na tumia brashi au fito zilizofungwa pamoja kwa nyimbo za kuabudu. Chini ya paa la bati waumini wanapolalamikia dramu wana haki, na majirani wa kanisa pia wana haki. Ukilirekebisha hili kabla hujaombwa, utakuwa umejibu nusu ya malalamiko bila ya kusema neno.

Kijana wa miaka 16 hakukuibia chochote. Alipewa vijiti na aliye juu yake, na huenda kila Jumapili anakaa pale akiwa na hofu ya kukutazama. Mfuate, mwambie uko radhi kumsaidia nyimbo zinazomshinda, na umfundishe kama ulivyofundishwa, mkwasa kwanza. Timu yenye wapigaji wawili wanaopokezana haitahitaji dramu za kwenye kinanda, na wewe utapata Jumapili za kukaa na waumini ukasikia kile wanachosikia wao, jambo ambalo wapiga dramu wengi hawalipati.

Kuhama kanisa sikushauri kwa sasa. Jambo hili halijawahi kujadiliwa mezani hata mara moja, limejadiliwa kwa ngumi na kwa hedifoni tu. Ukihama leo utalikuta huko uendako, kwani kila timu ya sifa ina mtu anayepanga na mtu anayetaka kupanua. Ikiwa utafanya yote niliyokueleza na kiongozi akakataa hata kukusikiliza mazoezini, au akaendelea kukukemea hadharani, basi mweleze mchungaji kila kitu kiongozi huyo akiwepo, na uamuzi wa kubaki au kuondoka uufanye baada ya kulisikia jibu lake.

Kazi ya hoteli ichukue ukiitaka. Ni kazi ya halali ya mikono yako, inalipwa, na itakupa mahali pa kupiga kwa mapana yale ambayo kanisani yatahitaji kipimo. Angalia tu usafiri wa kurudi mjini usiku kutoka pwani ya mashariki, na usikubali ratiba itakayokufikisha ibadani ukiwa hujalala. Kiongozi wako umwandikie mapema Jumamosi ambazo umekodiwa, kabla hajapanga wapigaji wa mwezi unaofuata, ili Jumapili zitakazofuatia ampange yule kijana.